Mama Jokébed Kavuo, Aliyehesabu Mtaa kwa Sahani

Ijumaa hii, tarehe 31 Januari 2003, Mama Jokébed Kavuo anafunga rejista ya Mtaa wa Chuo, hapa kwetu Butembo, baada ya miaka thelathini na minne na miezi minne ya kuhesabu watu. Tulijaribu kumwambia kwamba ile miezi minne haina haja ya kutajwa. Alitukata jicho. Kwa hiyo imetajwa.

Mimi ninayeandika ni Malachie Kahongya, mwenzake wa ofisi ya Population, inayoandikisha wakazi. Meza yangu inatazamana na yake tangu mwaka 1984, na kwa miaka yote hiyo hajanikopesha kalamu yake ya wino hata mara moja. Nasema hayo mapema ili msomaji ajue kwamba sifa zitakazofuata hazijanunuliwa.

Aliajiriwa tarehe mosi Oktoba 1968, msichana wa miaka ishirini na mmoja kutoka Lubero, binti wa mwinjilisti aliyelima viazi. Alipewa daftari, kalamu na kilima kizima: mikaratusi, mbuzi na nyumba mia mbili na kumi na mbili. Mkubwa wa ofisi wa wakati ule alisema msichana huyu atachoka kabla ya Noeli. Mkubwa huyo ameshapumzika kwa amani, na aliyefuta jina lake kwenye rejista, kwa mwandiko mzuri kabisa, ni Mama Jokébed.

Mwaka 1989 chuo kilijengwa juu ya kilima, na mtaa ukageuka. Wenye nyumba waligawa vyumba viwili vikawa vinne, wakapangisha. Waliokuwa wanalima walianza kupika maharagwe ya kuuza, na mafundi cherehani walijifunza kushona suruali kwa mkopo. Kila Januari Mama aliandika haya yote katika kurasa nne alizoziita “Sura ya Mtaa”. Ya mwaka huu imetoka kwenye mashine wiki iliyopita. Inasema tuko watu 6,418 katika nyumba 1,044. Wanafunzi wa chuo ni 731. Tuna mafundi cherehani thelathini na tisa, pikipiki 126, chukudu sabini na moja, zile baiskeli za miti za kubeba viazi na mbao, na mashine nne za fotokopi, mbili kati yake zikiwa na ugonjwa wa kudumu. Chuo kinapofunga kwa likizo, muuza maharagwe mmoja kati ya watatu anarudi shambani. Na wanawake wa miaka kumi na tano hadi ishirini na mitano wanawazidi wanaume wa umri huo kwa 502. Mwaka 1995 walikuwa wanawazidi kwa arobaini na moja. Mama hakuweka maelezo chini ya namba hiyo. Sote tunajua vita ilianza lini.

Chuo kilileta pia fujo ya hesabu. Mwanafunzi anayetoka Lubero, analala huku miezi tisa na kula kwa mama yake miezi mitatu, ahesabiwe wapi? Wakubwa walijadili mwaka mzima kwa Kifaransa. Mama Jokébed alikata shauri kwa sentensi moja, nasi tunaifuata mpaka leo: “Mutu anahesabiwaka fasi sahani yake iko.” Mwanafunzi akija na sahani yake kutoka nyumbani, ni mtu wetu. Akila kwa sahani ya kuazima, ni mgeni.

Sheria hiyo haikumwogopa mtu. Bwana Éliakim, mfanyabiashara wa viazi, alitaka kuandikwa kwetu kwa sababu alitamani kuwa mkubwa wa mtaa. Lakini watu walinong’ona kwamba ana nyumba nyingine Beni, upande wa Beu. Mama alipanda lori la mbao, kilomita hamsini na kitu, akaenda kuiona sahani ya huko kwa macho yake. Ilikuwa kubwa kuliko ya kwetu, tena ina mfuniko. Bwana Éliakim aliandikwa Beu, ukubwa ukampita, na kwa miaka miwili hakutusalimia.

Silaha yake ya pili ilikuwa majina yetu. Sisi Wanande tunajua kwamba mtoto huzaliwa na jina lake likimngoja kwenye foleni: Mumbere ndiye mvulana wa kwanza, nyuma yake Kambere, halafu Kasereka, halafu Kakule. Wasichana nao wana foleni yao, na Mama mwenyewe, Kavuo, ni wa tatu. Mtu akimtajia watoto wake, Mama anasikia pengo kabla hujamaliza. Husemi mtoto wa pili alizikwa, naye ameshajua. Akina mama wengi walimpenda kwa sababu hiyo, maana alikuwa anawauliza habari za mtoto ambaye hakuna mwingine aliyekuwa anamuulizia.

Sasa nafika mahali ambapo nilitaka kuruka. Nilipompelekea rasimu ya wasifu huu, aliusoma amesimama, akanirudishia. “Malachie, kama hapana andika ya Kambere, basi usiandike kitu.” Basi naandika.

Ilikuwa Machi 1999. Wenye silaha waliokuwa wanashika mji walikuwa wanatafuta vijana, na wazazi walikuwa wanawaficha. Mama Jokébed alikuwa katika mzunguko wake wa hesabu, akafika kwa Mama Adèle, mke wa Gérard mwashi, ambaye anauza kasiksi, pombe ya ndizi, uani kwake. Uani palikuwa na wanywaji wanne, mmoja wao askari, mgeni wa nchi hii ya milima. Mama Adèle alitaja watoto wake: Mumbere, Kasereka, Kakule, na binti, Masika.

Mama alisimamisha kalamu. Aliuliza Kambere yuko wapi. Mama Adèle alisema hayuko. Akauliza kama alikufa. Mama Adèle alinyamaza, kwa kuwa hakuna mama wa kwetu atakayemuua kwa mdomo mtoto anayepumua. Hapo mtu mwingine angeelewa na kufunga daftari. Lakini Mama Jokébed alikuwa na miaka thelathini ya kutokosea, na kiburi cha kazi nzuri ni kiburi kama kingine chochote. Aliuliza mara ya tatu, kisha akaeleza kwa sauti, kama mwalimu mbele ya ubao: “Kasereka hapana zaliwaka bila Kambere mbele yake. Hesabu inakatala.”

Askari alikuwa na kikombe mkononi. Hakuwa anajua foleni ya majina yetu, na sasa alifundishwa. Alitazama juu, kwenye dari ya jiko, mahali mahindi yanapokaushwa. Asubuhi yake walikuja watatu na ngazi. Kambere, aliyebatizwa Delphin, alikuwa na miaka kumi na minne. Walimshusha kati ya mahindi, wakaondoka naye kuelekea Beni.

Najua watu walisema nini sokoni, na mimi nilikuwa mmoja wa waliosema. Mama hakujitetea hata siku moja. Siku ile ile alikwenda kwa Mama Adèle, akakuta mlango wa uzio umefungwa kwa mnyororo. Mama Adèle aliongea naye kupitia matete ya uzio, maneno machache: “Weye ulihesabu muzuri. Sasa hapa kwangu hapana hesabu tena.”

Wiki mbili baadaye wenye silaha wale wale, waliokwisha kuonja utamu wa hesabu, walikuja ofisini kudai rejista nzima ya mtaa, yenye majina na umri wa wavulana. Kwa bahati mimi nilikuwa nimetoka kununua chumvi. Chumvi ya siku ile ilinichukua saa nne kuinunua. Mama alikuwa peke yake. Aliwaomba waketi, akaingia stoo, akachukua rejista ya mwaka 1974, akabandika karatasi mpya juu ya jalada, akawakabidhi kwa mikono miwili na kuwaomba waweke sahihi.

Kwa siku tatu mtaa ulicheka chini ya nguo. Walimtafuta Zorobabel, miaka kumi na minne, mwenye afya nzuri. Walimkuta ni mchinja nyama mwenye kipara, tumbo na watoto sita, akawauliza kama wanataka maini. Walimtafuta Mbusa, miaka kumi na tano, mkimbiaji hodari. Aliwapokea na mkongojo. Walipoelewa, hawakucheka. Mama alikaa siku tano katika cachot yao, chumba cha mahabusu, na akatoka na sikio la kushoto ambalo mpaka leo halisikii vizuri. Rejista ya kweli ilikuwa nyumbani kwake, ndani ya gunia la viazi vya Lubero, na hakuna mvulana mwingine wa Mtaa wa Chuo aliyechukuliwa kwa karatasi yetu. Sisi wenzake hatujawahi kumshukuru vya kutosha kwa hilo. Mimi hasa, mnunuzi wa chumvi, namshukuru hapa mbele ya wote.

Lakini yeye alijua kwamba vijana aliowaokoa hawamfuti mmoja aliyemtoa. Toka hapo, likizo zake zote amezimalizia Beni. Alilala kwa akina mama wa kanisa la Beu, akawa anazunguka kambi, hospitali, maparokia na masoko, akiuliza habari za Delphin Kambere, mwana wa Gérard, wa mtaa wetu. Mara mbili alirudishwa na mapigano njiani. Kila aliporudi alipita kwenye uzio wa Mama Adèle na kutoa ripoti kupitia matete: nimeuliza hapa na pale, sijapata. Upande wa pili alisikia ufagio ukisimama.

Na kila Januari, chini ya jumla ya “Sura ya Mtaa”, aliandika mstari ule ule: bila nyumba moja ambayo haikuhesabiwa. Wakubwa walimwambia akadirie tu, nyumba moja ni nini. Alikataa. Tulimshauri amtume Christa, binti yetu mpya wa ofisi, ambaye Mama Adèle hana ugomvi naye. Alikataa pia. Alisema nyumba aliyoifunga yeye ataifungua yeye au itabaki imefungwa, na kama itabaki imefungwa, atastaafu na jumla yenye tundu. Kwa mtu kama yeye hiyo si adhabu ndogo.

Mwanzoni mwa mwezi huu alirudi Beni kwa mara ya mwisho kama mtumishi. Huko Beu, mama mmoja wa kanisa anayewapokea vijana waliotoka kwenye silaha alimwambia habari za mmoja aliyefika kabla ya Noeli. Ni mrefu, haongei sana, mguu wake mmoja ni mzito. Alipoulizwa jina alisema Kambere wa Butembo, kwetu kuna chuo juu ya kilima. Siku Mama alipokwenda kumwona, alikuwa amepelekwa Oicha kutibiwa, na haikujulikana atarudi lini. Akina Kambere wa Butembo ni wengi, na Mama hakuongeza hata tone la matumaini kwenye ripoti yake. Aliisimulia kwenye uzio kama zile nyingine, neno kwa neno, pamoja na mguu.

Alhamisi tarehe 16 alikuwa anapita njia hiyo na daftari lake. Mimi nilikuwa naye, kumbebea mwavuli. Mnyororo ulikuwa chini. Mama Adèle alikuwa anaosha vyombo uani, akatuonyesha kiti. Kisha akaanza kutaja, na Mama Jokébed akaandika. Gérard. Adèle. Mumbere. Hapo Mama Adèle alisimama, akachukua sahani moja kwenye rundo, ya bati, nyeupe yenye ukingo wa bluu, ikiwa bado inadondosha maji ya sabuni, akaiweka juu ya daftari.

“Andika Kambere. Sahani yake iko hapa. Naiosha kila siku.”

Katika miaka thelathini na minne Mama Jokébed hajawahi kumwandika mtu ambaye hajamwona. Alifuta maji kwenye ukurasa kwa kitambaa chake cha kichwa, akachovya kalamu, akaandika Kambere, kwa wino. Halafu Kasereka, Kakule na Masika. Watu saba. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne, jumla ya mtaa ilikamilika: 6,418. Ile herufi ya K ya Kambere haikutoka vizuri. Tumeiacha hivyo hivyo.

Mama Jokébed, Christa anapokea rejista. Kalamu unaondoka nayo, hakuna aliyethubutu kuidai. Tunakushukuru kwa njia zote ulizotembea kwa miguu, kwa sababu ulisema juu ya pikipiki mtu hahesabu vizuri. Watu wanadhani unakwenda kupumzika Lubero kati ya viazi. Viazi vitangoja. Jumatatu asubuhi utapanda gari la Beni, na safari hii Mama Adèle amekata nafasi ya pili pembeni yako, upande wa sikio lako zima. Sahani ameifunga ndani ya kitenge.

Njia iwe kavu na vizuizi viwe vichache. Tunakuombea siku nyingi na usingizi mwema. Mnaondoka wawili, Mama. Mrudi watatu.