Maneno ya Libérate katika Makala ya Sabitri

Mheshimiwa mwakilishi wa Kamanda wa makazi haya ya wakimbizi ya Nakivale, Baba Padri, wazee wetu Warundi na Wakongo, wageni mliofika kutoka Mbarara, na ninyi mama zangu mlioyaacha mashamba asubuhi ya leo: salamu kwenu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Mimi ni Constance, mwalimu, mzaliwa wa Uvira. Nimepewa kazi ya kumuaga Ndugu Sabitri Gurung, binti wa Nepali, ambaye kesho anaondoka kwenda kupokea shahada yake ya udaktari. Nilikuwa mkalimani wake. Mnakumbuka alivyokuja? Watoto walimkimbilia wakiimba, "Muchina! Muchina!" Akasimama kwenye vumbi akawajibu, "Mimi hapana Muchina. Mimi Munepali." Wakaimba "Munepali" mpaka jioni.

Alikuja kuuliza jambo moja: mtu aliyekimbia shamba lake anaishije na shamba alilopimiwa na wengine? Kati ya waliomjibu ni Mama Libérate Nshimirimana, huyu aliyeketi mbele yenu. Alisema hivi, nami nilikuwapo: "Shamba langu la Burundi lilinijua. Hili la hapa ninalipa jasho, linanipa mahindi, lakini bado hatujasalimiana." Siku ile alikuwa na woga, akaomba sauti yake iliyorekodiwa isitoke Nakivale. Sabitri akaahidi.

Sasa, chuo chake kina sharti: hakuna udaktari bila makala katika jarida kubwa la kitaaluma. Akapeleka makala. Jarida la namna hiyo huwapa wataalamu waisome na kuihukumu, nao hawatajwi majina. Jibu lilipokuja tulikuwa chumbani kwake Kakoba, mjini Mbarara, bodaboda zikipiga kelele dirishani. Alisoma, akanisogezea kompyuta. Ndugu zangu, nilishtuka. Mtaalamu mmoja aliandika kwamba Kiingereza cha mwandishi kinaonyesha si lugha yake, na kwamba maneno ya "Mhojiwa wa Saba", ndiye Mama Libérate, ni mazuri mno kutoka kinywani mwa mkulima mkimbizi. Bila shaka mwandishi ameyatunga. Alete sauti, la sivyo makala ikataliwe.

Mmeisikia hukumu hiyo? Mmoja haaminiki kwamba anaweza kuandika, mwingine haaminiki kwamba anaweza kusema! Na kama Kiingereza cha huyu binti ni kibovu kiasi hicho, uzuri huo aliutunga kwa lugha gani?

Sabitri alikataa kupeleka sauti. "Niliahidi," aliniambia. "Acha udaktari uende." Makala ikakataliwa. Akaanza kufunga mizigo.

Mimi sikuweza kutulia. Nilirudi Nakivale, nikamkuta Mama Libérate uani akichambua maharage, nikamweleza yote. Nilidhani atamshukuru Sabitri. Aliyaacha maharage.

"Wanasema siyo miye nilisema?"

"Ndiyo, mama."

"Na yeye akakubali kupoteza masomo, bila kuniuliza?"

"Alikuwa anakulinda."

"Ananilinda na nini? Woga ulikuwa wangu, na umeisha. Sauti ni yangu. Ahadi alinipa miye. Mbona hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kuniuliza?"

Hapo nilishtuka kuliko nilivyoshtuka Kakoba. Sisi wawili, kwa huruma yetu yote, tulikuwa tumefanya lile lile la mtaalamu: tulikata shauri juu ya maneno ya mtu kana kwamba mwenyewe hayupo.

Kesho yake alivaa kitenge chake cha misa, tukaenda Mbarara. Sabitri alipomwona mlangoni alilia, akapiga magoti kama wafanyavyo wanawake wa huku, akaomba msamaha. Kisha akakata rufaa kwa mhariri mkuu. Walivutana kwa muda, mwishowe mhariri akakubali tuongee naye kwa video. Akauliza kwa adabu, nami nikatafsiri: "Mama, maneno haya ni yako kweli?"

Mama Libérate akamtazama kwenye kioo cha kompyuta. "Na weye, hayo unayoniuliza ni ya nani?"

Nikamtafsiria mhariri swali hilo. Halafu akaomba radhi. Makala ikasomwa upya na wataalamu wengine, ikarudishwa irekebishwe, ikarudishwa tena, na mwezi uliopita ilichapishwa. Mhojiwa wa Saba hayumo tena. Yumo Libérate Nshimirimana, kwa jina lake, kwa kuwa mwenyewe alilitaka.

Ndugu Sabitri, hongera. Wengi wamekuja hapa kutuuliza. Wewe ulikuwa tayari kupoteza ulichokitafuta ili usivunje neno lako, na ulipokosolewa na mama huyu hukujitetea. Nenda salama.

Juzi nilimsomea Mama Libérate makala yote, nikiitafsiri sentensi kwa sentensi. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza nikamuuliza ameionaje. Akasema, "Ni nzuri. Lakini uwaambie, miye bado sijamaliza kusema."

Mheshimiwa, kwa ruhusa yako, nafasi hii nampisha yeye. Asanteni kwa kunitegea sikio; sasa mtegeeni mwenyewe.