Mwalimu Isihaka na Alama Moja ya Saumu

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mwalimu Isihaka Nangoma anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Kiswahili, yote katika shule yetu hii nje kidogo ya Nanyamba. Wanafunzi wake wametapakaa mkoa mzima, na wengi wao mpaka leo wakiona kalamu nyekundu huficha daftari.

Sifa yake kubwa ni yale maswali ya mlinganisho yanayofuata habari ya ufahamu: daktari kwa hospitali ni kama hakimu kwa nini? Njia yake tumeiiba sote. Usikimbilie majibu, tunga kwanza sentensi inayounganisha jozi ya kwanza, kisha ipitishe sentensi hiyohiyo kwenye jozi ya pili. Njia safi kabisa. Taabu ilikuwa mtunga maswali mwenyewe, aliyewauliza watoto wa Nanyamba habari za theluji na sweta, ilhali hata yeye theluji ameiona kwenye kalenda tu.

Ugonjwa huo hakuuacha darasani. Kwenye harusi ya Mwalimu Jafari alipewa dakika mbili za nasaha. Akauliza: mume kwa mke ni kama usukani kwa nini? Akataja majibu manne, akamtaka bibi harusi achague. Pilau likapoa. Bibi harusi akachagua breki, ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, Mwalimu akatangaza kwamba amekosa.

Tulicheka sana siku ile. Kwa Saumu hatukucheka.

Saumu alikuwa darasa la sita, binti wa mkulima wa korosho, na Mwalimu alitunga mtihani wa kumpata wa kutuwakilisha kwenye mashindano ya taaluma mjini Mtwara. Shangazi yake Hadija alikwisha kumwazimia viatu. Swali likaja: mbegu kwa tunda ni kama nini kwa nyumba? Mwalimu alitaka kitanda, kwa kuwa mbegu hukaa ndani ya tunda. Saumu akafuata njia aliyofundishwa. Tunda analolijua ni bibo la mkorosho, na korosho haikai ndani ya bibo, imejishikiza nje. Akajibu baraza.

Mwalimu akamchora mkasi wa kukosa. Kwa alama hiyo moja nafasi ikaenda kwa mwingine.

"Mwalimu, korosho ipo nje," alisema mlangoni mwa ofisi, machozi yakimtoka. "Twende shambani kwako ukaone."

Mwalimu akamjibu kwamba swali halikutaja korosho. Na huyo ni mtu ambaye mabati yote ya nyumba yake yametokana na korosho! Liliniuma siku ile na linaniuma bado.

Saumu naye sasa ni mwalimu. Amepangiwa shule yetu, na Julai anachukua darasa lilelile. Mwalimu Isihaka amemkabidhi funguo, rula ya ubaoni na chaki. Alama hajamkabidhi. Wiki iliyopita tulipomuuliza, alisema bado analitafakari.

Tunakushukuru kwa dhati, Mwalimu, maana hata kukubishia ulitufundisha wewe. Nenda ukapumzike kwa afya na amani katika mikorosho yako. Msimu ukianza, chuma bibo moja, ligeuzegeuze, kisha utuletee alama ya Saumu. Funguo za darasa anazo yeye sasa, atakupokea barazani.

Mwl. Rehana, kwa niaba ya walimu wenzako