Saa ya Mkunga

Daktari: Haloo? Nani mwenzangu?

Dada: Ahaa! Kumbe simu yako huwa inapokelewa.

Daktari: Dada? Shikamoo. Mbona namba hii—

Dada: Marahaba. Yangu huipokei tangu jana, kwa hiyo nimechukua simu ya nesi wa Mama. Na usikate.

Daktari: Dada, niko kliniki, nina mgonjwa kitini. Nimeshamchoma ganzi, nataka kumng'oa jino. Nikupigie baadaye—

Dada: Ganzi inataka dakika kumi ishike. Uliniambia mwenyewe siku uliyoning'oa gego. Iache ishike. Nina swali moja tu.

Daktari: [kwa sauti ya chini] Haya. Fanya upesi.

Dada: Saa ya Mama. Ile aliyokuwa anaibandika kifuani enzi zake za ukunga. Uliichukua ukasema utaifufua kama unavyofufua saa kongwe zako nyingine. Umekaa nayo miezi miwili, umeirudisha Jumapili. Sivyo?

Daktari: Ndivyo. Niliifungua yote, nikaiosha, nikatia mafuta kidogo kidogo kwa ncha ya sindano—

Dada: Sikuomba hotuba. Mama anasema si yake.

[Mtandao unakwaruza.]

Daktari: Haloo? Unakatikakatika.

Dada: Sikatiki. Sema unatafuta la kusema. Tangu Jumatatu Mama hali akashiba. Anaitoa chini ya mto, anaiweka sikioni, anairudisha. Jana akasema, "Nimeibiwa, wameniwekea nyingine." Na humu ndani tuko watatu: mimi, yeye na nesi.

Daktari: Usiniambie umemshuku nesi.

Dada: Nimshuku nani, paka? Nimempekua. Nimemwaga mkoba wake wote sakafuni, hadi nguo za ndani, na yeye amesimama ananitazama. Sasa amefungasha, yuko hapo mlangoni na begi lake, anangoja nimrudishie simu aende zake.

Daktari: Dada, hapana! Kwa nini ufanye hivyo bila kuniuliza?

Dada: Nimekupigia mara tisa! Sasa kabla sijaenda naye polisi, nataka uhakika. Hii saa ninayo mkononi. Ya Mama ilikuwa na alama gani?

Daktari: Usiende polisi. Ina mkwaruzo karibu na tarakimu ya nne. Geuza nyuma, kuna herufi mbili za majina yake, zimekaa upande. Baba alizichonga kwa msumari.

Dada: Ngoja... Mkwaruzo upo. Na herufi zipo.

Daktari: Basi, si umeona! Kava ni lake, uso ni wake, mishale ni yake, hata ile pini ya kubandikia ni yake. Hakuna wizi hapo. Mama amezeeka, Dada, na masikio nayo yanachoka, halafu mafuta mapya yanabadilisha—

Dada: Hebu subiri.

Daktari: —yanabadilisha mlio, ni kawaida, mwambie nesi—

Dada: Subiri, nimesema! Nimekuuliza habari ya saa, wewe unanihesabia kava, uso, mishale, pini. Ndani je?

Daktari: Ndani kuna mashine.

Dada: Ya nani?

Daktari: Dada, mgonjwa ananiita.

Dada: Mdomo umekufa ganzi, anakuita na nini? Mashine ya nani?

[Mlango unafungwa upande wa Daktari.]

Daktari: Ni mashine nzuri. Wallahi ni nzuri kuliko ile, haipotezi hata sekunde kumi kwa siku. Ile ya kwake ilikuwa inachelewa, ilikuwa—

Dada: Iko wapi?

Daktari: Nipe nafasi nikueleze. Kuna saa yangu moja ya mkononi, ya zamani sana. Nimeihangaikia miaka minne. Niliipata kava tupu, ndani hamna kitu, na mashine za aina ile hazitengenezwi tena. Nimeandikia watu wa nchi za mbali, wapi! Siku nafungua ya Mama niisafishe, nakuta ni ile ile. Ile ile, Dada! Haina hata kutu. Nilikaa nayo mezani mikono inanitetemeka.

Dada: Ilivyokuwa inatetemeka, ikaiba.

Daktari: Si wizi! Sisi tunaofufua saa tunafanya hivyo kila siku. Unatoa huku, unatia kule, ili moja ipone. Saa ni kava na uso wake. Ya ndani ni spea.

Dada: Ulimwomba?

Daktari: Ningemwelezaje? Miaka mitatu Mama haoni hata mishale! Yeye saa ni ya—

Dada: Malizia.

Daktari: Basi.

Dada: Malizia, nakusikia! Ni ya nini?

Daktari: Nilidhani hatajua.

Dada: Laana hiyo. Mwanamke aliyehesabu mapigo ya moyo ya watoto wa watu miaka thelathini kwa saa hiyo, eti hatajua! Na mimi kwa ajili yako nimemvua mtu nguo. Unajua huyu nesi ndiye pekee anayeweza kumgeuza Mama kitandani bila kumliza? Akitoka mlango huo, kesho nani atamgeuza? Wewe na lenzi yako jichoni?

Daktari: Mwombe asubiri. Jumapili nitakuja, nitairudisha kimya kimya, Mama atasikia mlio wake, yaishe.

Dada: Na jina la mwizi abaki nalo nani hadi Jumapili?

Daktari: Sema nilichanganya. Sema... sema ni makosa ya fundi niliyempa.

Dada: Mungu wangu, unataka kumtafutia mwizi mwingine! Sikiliza. Salio la huyu msichana limebaki dakika mbili. Naingia chumbani, nakuweka kwenye spika, na yeye namwita asikie.

Daktari: Dada, si sasa. Dada, nakuomba, si mbele ya—

Dada: Mama, mwanao huyu hapa kwenye simu.

Mama: Nani, daktari wangu?

Daktari: Shikamoo, Mama.

Mama: Marahaba, baba. Umekula?

Daktari: Bado, Mama.

Mama: Ule. Sasa baba, saa uliyonitengenezea imeibwa. Hii hapa ina haraka. Mimi umeme ukikatika wodini nilikuwa naiweka yangu sikioni, nahesabu mapigo ya mtoto gizani kwa mwendo wake. Siwezi kuikosea. Dada yako anasema ni huyu binti.

[Mtandao unakwaruza.]

Dada: Sema. Dakika zinakwisha.

Daktari: Mama, si yeye.

Mama: Utajuaje, na wewe uko huko?

Daktari: Kwa sababu ninayo mimi. Mashine yake. Niliitoa, nikatia nyingine.

Mama: Ilikuwa imekufa?

Daktari: Hapana. Ilikuwa nzima.

Mama: Sasa iko wapi?

Daktari: Mkononi, Mama. Nimeivaa.



Mama: Tangu jana namwita mwizi. Ananiosha, namwita mwizi. Ananilisha, namwita mwizi. Hakunirudishia hata neno moja.

Daktari: Nisamehe, Mama. Nitaileta leo leo, nafunga kliniki—

Mama: Nyamaza kwanza. Binti, uko wapi? Nipe mkono. Nimekukosea, nakuomba radhi mbele ya watoto wangu hawa. Sikulazimishi ubaki. Nipe mkono tu.

Daktari: Dada, amekubali?

Dada: Amekuja kitandani. Begi kaliacha mlangoni.

Daktari: Anabaki?

Dada: Sijui! Analia. Niache.

Mama: Wewe daktari.

Daktari: Naam, Mama.

Mama: Hiyo mashine mpe mtu ailete. Dereva, jirani, yeyote. Usije nayo wewe.

Daktari: Mama, mimi ndiye ninayejua kuiweka—

Mama: Sioni, baba. Anayeingia chumbani kwangu lazima awe mtu ambaye sina haja ya kumtazama mikono.

Daktari: Mama, nisikilize, Mama—

Dada: Salio hilo linakwi—

Daktari: Haloo? Dada? Haloo?