Mama Dawati, Aliyekwenda Shule Mara Mbili

Ndugu wafiwa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yangu, familia imeniomba mimi, kaka yake mkubwa, niwasomee maisha yake, na kabla sijaanza naomba kusahihisha jambo moja, kwamba tangazo lililobandikwa ukutani limemwita Bi Dawati, ilhali jina alilopewa na watoto wa shule, akalipenda kuliko mengine yote, ni Mama Dawati, nami nitalitumia hilo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, kitinda mimba wa fundi viatu na mkunga, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya ghala la pamba, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kuota mchana, ukimtuma chumvi anarudi na wingu, kama alivyozoea kusema mama yetu. Alianza shule mwaka 1960, akamaliza darasa la nane mwaka 1967, kisha akajifunza kufuma sweta kwa shangazi yetu, na hiyo ndiyo ikawa kazi yake ya maisha. Tarehe 20 Septemba 1975 alifunga ndoa na fundi saa wa mtaa wa soko, mtu mpole ambaye saa za nyumbani kwake hazikuwahi kukubaliana, naye alitutangulia mwaka 2003.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1984, ambaye sote tunamwita Kipepeo, kwa sababu akifurahi au akiogopa mikono yake hupepea, naye hakutamka neno mpaka alipotimiza miaka sita. Januari 1991 mama yake alimpeleka shule iliyo chini ya kilima, kengele ikalia, mtoto akajificha chini ya dawati akipiga mayowe, na siku ya tatu mwalimu mkuu akasema, "Mama, huyu si wa hapa, mtafutie mahali pake," na dada alipouliza mahali hapo ni wapi, mwalimu mkuu alinyoosha kalamu kuelekea dirishani, kana kwamba penyewe palikuwa ng'ambo ya ukungu.

Mwaka mzima dada alirudi kusimama mlangoni pa ofisi, mtoto mkono mmoja, mkoba wa nyuzi mkono wa pili, akijibiwa njoo kesho, hadi Januari 1992, mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye watoto walimwita Chaki, alipochoka kuwaona nje, akamwambia, "Basi mwanangu, ingia ukae naye wewe mwenyewe, lakini usije ukanifumia darasa zima." Mwalimu mkuu alikubali kwa sharti, kwamba siku ambayo mama hayupo mtoto naye asije, na darasa likivurugika, wote wawili warudi kwao.

Hivyo dada yangu, akiwa na miaka thelathini na tisa, alianza shule mara ya pili, kwenye dawati la nyuma karibu na dirisha, magoti yamembana, akifuma polepole huku Kipepeo akipitisha uzi vidoleni kabla haujafika kwenye sindano, kwa kuwa uzi ukitembea mkononi mwake hofu humtoka. Alichofuma ni sweta la shule la mtoto huyo huyo, akiliongeza mkanda kila mwaka kadiri alivyorefuka, na kwa kuwa dukani hapakupatikana buluu ile ile mara mbili, lilikuja kuwa na rangi zote za anga, tangu alfajiri hadi magharibi.

Watoto walianza kwa kumtania, "Mama Dawati, umefeli mara ngapi?" naye akawajibu, "Nyingi, ndiyo maana majibu nayajua," na haukupita muda wakawa wanamnong'oneza awasaidie hesabu. Alitusimulia baadaye kwamba miaka ile aliiona kama ndoto moja ndefu, vumbi la chaki likielea kwenye mwanga, sauti arobaini zikisoma kwa pamoja, na uzi ukivutwa taratibu, ndiyo salamu ya mtoto wake.

Asubuhi moja ya Oktoba 1995, wakiwa darasa la nne, bado na Mwalimu Chaki aliyepanda nao, uzi uliacha kuvutwa, dada akageuka kwa hofu, akamkuta Kipepeo ameuzungusha wote kwenye donge, akamwekea mapajani, akasema, darasa zima likisikia, "Mama, nenda nyumbani. Mimi nabaki." Mwalimu Chaki alifungua mlango, na dada akaenda kukaa juu ya jiwe nje ya lango, akisubiri mayowe, nayo hayakuja, mpaka mwalimu mkuu, mwenye sharti lake, alipopita mara ya pili akamwambia, "Mama, si umeambiwa uende nyumbani?"

Kipepeo alimaliza darasa la saba mwaka 1998, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, na tangu mwaka 2004 anafanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali yetu, ambako hakuna akunjaye shuka likalingana pembe kama yeye.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo Agosti 2018, akalazwa Mei 2019 katika hospitali hiyo, juu ya mashuka yaliyokunjwa na binti yake, ambaye kila baada ya zamu alikaa naye na kumfunika miguu kwa sweta lile. Siku za mwisho akili yake ilirudi darasani, akawa anauliza kama kengele imelia, anakataa kulala, akisema hawezi kuondoka akamwacha mtoto peke yake. Jioni ya tarehe 2 Juni 2019, nikiwepo, Kipepeo alivishika vidole vya mama yake vilivyokuwa vikivuta uzi wa pindo, akavikunja polepole, akamwambia, "Mama, nenda nyumbani. Mimi nabaki," naye dada yangu akatabasamu, akafumba macho, na jua lilipozama alikuwa ametutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, wafanyakazi wa chumba cha kufulia, majirani waliopika na kukesha nasi, wanafunzi wa darasa lile, ambao leo nawaona wamepakata watoto wao, na Mwalimu Chaki, aliyeletwa hapa kwa kiti cha magurudumu na amekataa kukaa kivulini. Kipepeo yuko pale mbele, mikono yake imetulia.

Mama Dawati, kengele imelia, mtoto amebaki, nenda nyumbani, pumzika kwa amani.