Kovu la Mchungwa

Bamama, mmenipa nafasi niseme yale Mungu aliyonitendea, na nitayasema. Lakini waliozoea ushuhuda wa machozi na wimbo katikati wanisamehe. Mimi leo nimekuja na hasira. Asubuhi nilimwomba Mungu ruhusa ya kuja nayo, na hakunikataza.

Wageni hawanijui, kwa hiyo nianze na kazi yangu. Mimi ninabebesha miti ya matunda. Sisi hapa Kolwezi tunasema kufanya grefe. Unaotesha mbegu za ndimu ya pori, ile yenye ganda la mikunjo na miiba mirefu, kwa sababu mizizi yake ni migumu na haiogopi udongo wetu huu mwekundu. Shina likifika unene wa kalamu, unapasua ganda lake kidogo, unaingiza jicho, yaani kichipukizi kilicholala kwenye ganda, kilichotolewa kwenye mchungwa mtamu, unafunga kwa utepe wa plastiki. Ndimu na chungwa ni ndugu, wanakubaliana. Jicho likishika, unakata ndimu yote iliyo juu yake. Kuanzia siku hiyo, chini ni ndimu, juu ni chungwa. Pale zinapokutana panabaki kovu, uvimbe kidogo kama goti la mtoto. Kila mti wa grefe unalo. Hakuna usio nalo.

Macho ya kwanza niliyatoa Mutshatsha, kwenye mchungwa wa mama yangu mzazi, nyuma ya nyumba, karibu na reli. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa kaskazini, karani kwenye mgodi. Ndiye aliyenioteshea zile ndimu. Jumapili tukitoka kanisani anavua viatu, anachuchumaa pembeni yangu na kufunga utepe, na vidole vyake vya karani havijui kufunga, ninamcheka mpaka anakasirika. Parsele yetu, kiwanja cha nyumba yetu, ilijaa miti. Wachuuzi wa Dilolo walipita kununua miche kabla ya kupanda gari. Ninyi wenyewe mlinunua. Watoto wangu walisoma kwa machungwa yale.

Halafu mume wangu akaugua, tukaenda hospitali, akafa. Sitasimulia zaidi hapo. Mliokuja kwenye kilio mliniona.

Familia yake ikafika, mbele yao shemeji mkubwa. Mnajua mila. Mjane ananyolewa, anakaa chini, na hagusi udongo wala mmea mpaka familia imfungue. Mimi sikukataa. Nilimpenda mume wangu, nikakaa chini. Lakini kila nilipouliza siku ya kunifungua, waliniambia bado. Kilikuwa kiangazi. Miche yangu ilikuwa imepangwa pale ukutani, ninaiona kwa macho yangu inakauka, na mimi nimekatazwa hata kushika ndoo. Nikawaomba basi mtu mwingine aimwagilie. Hakuna aliyesimama. Nilichemka ndani, bamama, lakini nilinyamaza, maana mjane akisema kwa sauti wanasema anafurahia kifo.

Siku moja shemeji akazunguka bustani. Alitaka kujua mali ya ndugu yake ni nini. Akaona kovu kwenye mchungwa wa kwanza. Akaenda wa pili, akaona kovu. Wa tatu, kovu, na kipande cha plastiki kimezama ndani ya ganda kwa sababu mume wangu alikuwa amekifunga vibaya na hatukukitoa. Akaita wenzake. Wakachuchumaa wote wanatazama.

Akanigeukia pale nilipokaa, akasema mbele ya watu: "Huku njo ulifunga pumuzi ya ndugu yetu. Kila muti uliiweka dawa."

Nikamweleza. Nilieleza kama nilivyowaeleza ninyi sasa hivi: ndimu chini, chungwa juu, jicho, utepe. Nikamwambia nusu ya tepe zile marehemu mwenyewe ndiye aliyezifunga. Ndugu zangu, nawaambia, kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojifunga. Walisema, mnasikia, anakubali kwamba alipasua na kuweka kitu ndani. Anakubali kwamba alimfanya ndugu yetu afunge kwa mkono wake mwenyewe.

Nilifukuzwa na watoto wangu na sufuria mbili. Halafu wakashika panga na msumeno, wakakata kila mti chini ya kovu. Si juu. Chini. Shemeji alisema wanaondoa dawa, na mti safi wa ndugu yao utaota upya. Miti ya machungwa imebeba matunda, wakaichoma moto palepale uani. Moshi wake niliuona nikiwa barabarani.

Sasa nakuja kwenu. Msiinamishe vichwa.

Habari ilifika sokoni kabla yangu. Na ninyi mlionunua miche kwangu, mliokuwa mnakula machungwa yangu na kuniita mama kipenzi, mlikwenda nyumbani mkatafuta kovu kwenye miti yenu, mkaliona, kwa sababu lipo kwenye kila mti wa grefe duniani, mkaikata. Hamkuja kuniuliza. Mtu mmoja tu angekuja akaniuliza, mama, hili ni nini, ningemwonyesha. Mlikata kwanza. Nilipopita, mliita watoto waingie ndani. Na mti wa mama yangu Mutshatsha ulikuwa umekwisha kuanguka kwa uzee. Kwa hiyo mlivyokuwa mnakata, mlikuwa mnamaliza uzao wake wote, na jina langu, na chakula cha watoto wangu. Inaniuma mpaka leo. Nasema inaniuma, sisemi iliniuma.

Nikauza makala, mkaa wa kupikia. Mtu aliyezoea kuotesha akawa anauza miti iliyochomwa. Mama mwenye nyumba nilipopanga alinipokea wakati wengine wameogopa, na hakuwahi kuniuliza lolote. Watoto wawili wakaacha shule.

Na visiki kule parsele vikaota. Bila shaka vikaota, mizizi ilikuwa hai. Lakini ukikata chini ya kovu, chungwa limekwenda, umebaki na ndimu ya pori. Ikaota miiba mirefu ya kuchoma mtu mguu, na ilipobeba, ikabeba ndimu kali, ganda la mikunjo. Mtu mwenye akili angesema, kumbe yule mama alisema kweli. Wao walisema nini? Walisema nimelaani miti. Machungwa yamegeuka ndimu kwa hasira ya mchawi. Sasa wakawa na ushahidi wa pili.

Ndipo wazee wa kanisa wakaniita, hapa hapa, kwenye benchi lile. Walisema kwa upole, na upole ule ulinichosha kuliko matusi. Walisema hawajaja kunihukumu. Nikubali tu, niungame, waniombee, halafu nirudishwe kwenye ushirika na watu wanunue makala kwangu bila woga. Wengi wenu mlikuwepo. Shemeji alikuwepo.

Bamama, nilisimama kukubali. Nawaambia kweli, neno lilikuwa mdomoni. Nilikuwa nimechoka kuwa mchawi bila faida ya uchawi. Nilifikiri, nikisema ndiyo, watoto watarudi kucheza na wenzao. Nikafungua mdomo.

Mama mmoja akasimama nyuma, hata hakuomba ruhusa. Mama huyu hasemi sana, mnamjua, wala simtaji. Zamani alipozaa mtoto wake wa kwanza nilimpelekea mche mmoja badala ya kitenge, kwa sababu kitenge sikuwa nacho. Akasema: "Mi, kwangu iko muti moya yake. Sikuukata. Iko na kovu ile ile. Bwana yangu angali muzima, anakulaka machungwa yake kila mwaka. Muye muangalie."

Mzee mmoja akasema hilo si jambo la kwenda kuangalia, ni jambo la kuombea. Mama yule akajibu kwamba yeye anatangulia nyumbani, na mzee asiyetaka kuona basi asiseme tena. Akatoka. Nusu ya kanisa ikamfuata.

Tukafika kwake mchana ule ule. Mti ulikuwa umesimama karibu na jiko, umebeba. Aliomba panga kwa mume wake. Nikamwambia usifanye, ni mti wenu. Hakunisikiliza. Alichagua tawi dogo la ndimu lililoota chini ya kovu la shina, ambalo nilikuwa nimelibebesha jicho la pili, nalo lina kovu lake, akalikata, akalipasua kwa urefu katikati ya kovu, akampa mzee. Mzee akalishika, akaligeuza, akaligeuza tena. Ndani mlikuwa na mti tu. Rangi mbili za mti zimeshikana, moja imefifia kidogo kuliko nyingine, na hakuna kitu kati yake. Likapita mkono kwa mkono. Shemeji alipopewa hakulitazama, alilipitisha.

Kisha nikaomba kisu. Pembeni ya uzio kulikuwa na mche wa ndimu ulioota wenyewe. Nikachuchumaa mbele yao wote, nikapasua ganda, nikatoa jicho kwenye tawi lililokatwa, nikaliingiza, nikafunga kwa kipande cha mfuko. Mikono ilikumbuka. Nikawaambia, njooni mvua zikikolea, mtazame dawa yangu inavyochipua.

Ikachipua. Watu walikuja kuangalia. Hakuna aliyeniomba msamaha. Walisema, "Mungu ni mwema", wakarudi kununua miche. Ndiyo, Mungu ni mwema. Mungu hakunikata mimi. Mlionikata ni ninyi.

Mwaka jana shemeji alikuja kwangu. Alikaa mbali kidogo na mlango. Akasema, "Shemeji, ile ndimu hata mbuzi inaikatala. Kuya uifanyie grefe, irudie machungwa." Maneno niliyokuwa nayo kifuani yangetosha siku nzima. Nikamwambia, "Tuma bibi yako. Mi nitamufundisha yeye."

Akasema bibi yake ana kazi nyingi. Nikamwambia basi ndimu zitangoja. Wiki iliyofuata mkewe alikuja, akashika kisu vizuri kuliko mimi nilipoanza, na nilipomwuliza kama anajua kwa nini nilimtaka yeye, alisema anajua. Alisema anamwona mume wake anavyozeeka, na ndugu za mume wanavyomtazama yeye kama mjane wa kesho. Tukafunga tepe.

Namshukuru mama mwenye nyumba aliyeniacha nioteshe ndimu kwenye ndoo zake zilizotoboka. Namshukuru yule aliyesimama nyuma. Yeye peke yake alikuwa kanisa siku ile. Wanaoniuliza kama nimesamehe, nawaambia ninaendelea, sijamaliza, msinisukume.

Na somo ninalowapa ni moja. Ukiona kitu usichokijua kwenye mti wa mwenzako, au katika maisha yake, muulize kabla hujashika panga. Na kitu chako kizuri usikiache chote kwenye parsele moja. Pale mlangoni nimeweka vijiti vya mchungwa wa mama yangu, nilivyovitoa kwenye ule mti mmoja wa karibu na jiko, vimefungwa katika kitambaa kibichi, kila mmoja wenu chake, hata mliokata. Nitakuja nyumba kwa nyumba kuwaonyesha. Nataka viwe vingi mpaka familia yoyote ikishika msumeno isijue ianzie wapi. Basi simameni mvichukue, vinakauka.