Silanga Lilikauka, Nami Nikakauka

Ndugu zangu, Bwana wetu apewe sifa, hata na mtu kama mimi anayesoma kutoka kwa daftari kwa sababu akiinua macho atasahau. Pastor amenikubalia nisome.

Mnanijua. Mimi ni yule msichana wa fomu tatu anayekaa benchi la nyuma karibu na mlango. Nina miaka kumi na tisa, nilianza shule nikiwa nimechelewa kwa sababu ya kuchunga mbuzi. Mnajua pia kwamba ninaogelea, na wengine wenu mmecheka, na siwalaumu. Kutoka hapa mpaka Kathonzweni sijasikia mtu mwingine anayeogelea kwa mashindano.

Mwalimu Nduku ndiye aliyenifundisha. Alisomea ualimu Mombasa, na alipoletwa shule yetu kufundisha Jiografia, siku moja aliuliza darasa ni nani anaogopa maji. Wote waliinua mikono isipokuwa mimi, kwa kuwa naona haya kuinua mkono. Hivyo ndivyo nilivyochaguliwa.

Silanga letu mnalijua, lakini leo tuna wageni. Ni mabwawa mawili ya udongo. La juu ni la maji ya kunywa na limezungushiwa miiba. La chini ni la ng'ombe, na hilo ndilo wazee waliloniruhusu kuogelea. Nilivaa gauni kuukuu, ng'ombe wakanitazama, nikazoea.

Mwaka jana, likizo ya Agosti, Mwalimu alinipeleka Nairobi kwa mashindano. Kwa ajili ya umri wangu niliwekwa na wanawake watu wazima, wengine wana watoto. Ilikuwa mita mia mbili. Sikuwa nimewahi kuingia maji ambayo unaona chini yake. Nilipofika nusu niliona vile wenzangu wameniacha, nikashika ukingo, nikatoka. Hakuna aliyenifukuza. Nilitoka mwenyewe.

Niliporudi nilisimama hapa kanisani mara ya kwanza maishani mwangu, nikasema kwa sauti ambayo mliisikia ninyi wa mbele tu, kwamba Mungu akinisaidia nitarudi huko mwaka unaofuata na nitamaliza. Akina mama mkasema amina. Hiyo amina ilinikaa.

Mvua ya Novemba ilinyesha vizuri. Niliogelea kila asubuhi kabla ya shule mpaka mwisho wa Januari. Halafu mwezi wa pili silanga la ng'ombe likakauka, na mvua ya Aprili haikuja. Mwalimu Nduku akanipa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, akaufunga kwa nguzo ya jiko letu, akanionyesha vile nitalala kifudifudi juu ya benchi na kuuvuta kwa mikono yote miwili kama mtu anayeogelea. Mara mia mbili asubuhi, mara mia mbili jioni.

Nilivuta wiki mbili. Halafu nikaacha.

Sikugombana na mtu. Sikuwa mgonjwa. Niliamka siku moja nikiwa sina hamu, nikajiambia hamu ikirudi nitaendelea. Nikaingoja vile unavyomngoja mgeni aliyesema atakuja na hakusema siku. Mwalimu aliponiuliza kama ninavuta, nilisema ninavuta. Hata kuomba niliacha, kwa sababu kila nikipiga magoti nilikumbuka ile amina yenu.

Mwezi wa tano nikapata wazo kwamba shida si mimi, shida ni maji. Nikiyaingia maji tu, hamu itarudi. Alfajiri moja nilitangulia kuchota, nikasogeza miiba, nikaingia silanga la juu. Ndiyo, ndugu zangu, lile la kunywa! Maji yalikuwa yamebaki ya kunifika kifuani. Niliogelea asubuhi nne mfululizo. Hamu haikurudi, ila niliendelea kwenda, kwa maana nilikuwa nimeshaanza kuiba.

Siku ya tano akina mama walikuta maji yamekuwa rangi ya chai na miiba imesogezwa. Wakasema ni punda wa Kimeu. Mzee Kimeu mnamwona pale, ana punda wanne wa kupeleka maji kwa hoteli za Kathonzweni. Mwethya wetu, kile chama cha kazi ambacho kila nyumba hutoa mtu, uliketi siku hiyo hiyo. Kimeu akakana. Wakamwambia kila mwenye punda hukana. Akatozwa mbuzi mmoja na akakatazwa silanga mpaka mvua. Mimi nilikuwa hapo, nimeshika karai, nimeinamisha kichwa. Hii haya yangu ambayo watu husema ni adabu, siku hiyo ilikuwa dhambi.

Wiki mbili Kimeu alienda mtoni kufukua mchanga atafute maji. Anatoka gizani, anarudi jua limepanda. Jumapili ya pili alikaa benchi mbele yangu. Shingo yake ilikuwa na vumbi ambalo halikuwa limetoka hata kwa kuoga, kama alikuwa ameoga. Pastor akauliza ni nani ana neno. Sijui ni nani alinisimamisha.

Nilisema, "Si punda. Ni mimi."

Kimeu akageuka pole pole, akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Kumbe punda wangu alikuwa ni wewe?"

Mlicheka, na Pastor akacheka, na mimi nikalia. Lakini nilipokuwa nalia nilisikia kitu kimenitoka kifuani ambacho nilikuwa nimekibeba tangu ile amina ya Agosti. Asante Yesu!

Kimeu alirudishiwa mbuzi wake. Mimi nilipewa adhabu na Mama Kasyoka, ambaye ni mwenyekiti wa mwethya. Alisema sina mbuzi lakini nina mikono, kwa hivyo nitachimba tope kwa silanga la ng'ombe pamoja na wao, kila Jumanne na Ijumaa baada ya shule, mpaka kazi iishe. Silanga lilikuwa limejaa tope, limekuwa gumu kama sakafu. Unachimba kwa jembe, unajaza karai, unaweka kichwani, unapanda ukingo, unamwaga, unarudi. Akina mama waliniita Samaki. "Samaki, songa, umeziba njia." "Samaki wa nchi kavu, leo unaogelea unaenda wapi?" Nilipanda na kushuka. Nilihesabu makarai ili nisisikie.

Wiki ya nne, Jumanne, hapakuwa na wingu hata moja. Nilikuwa nachimba kando ya Mama Kasyoka. Nikamwuliza, na mnajua mimi siulizi watu maswali, anapata wapi moyo wa kuchimba silanga na mvua haijulikani itakuja lini.

Hakusimamisha jembe. "Moyo gani? Nani amekuambia mimi napenda kuchimba? Nimekuja kwa sababu ni Jumanne." Halafu akaniambia nijaze karai, watu wanangoja.

Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana alinifungua! Sikuanguka chini, sikuona mwanga. Nilijaza karai. Lakini nikiwa nimefika nusu ya ukingo nikaelewa kwamba wale mama wote, kumi na saba, hakuna aliyeamka na hamu. Nilikuwa nimewadhania wana kitu ambacho mimi nilinyimwa. Hawakuwa nacho. Walikuja tu. Na silanga lilikuwa limezidi kina kwa urefu wa mtu.

Jioni hiyo nililala kwenye benchi, nikavuta mpira mara mia mbili. Sikuwa na hamu. Kesho yake nikavuta tena, na hamu haikuwa imefika. Mungu hakunipa hamu. Alinipa Jumanne na Ijumaa, nami nikamrudishia zile siku zingine. Nikapiga magoti pia, maneno machache, makavu, lakini nikapiga.

Nilimwendea Mwalimu Nduku nikamwambia nilimdanganya. Alikuwa anasahihisha madaftari.

"Nilijua," akasema. "Ule mpira ulikuwa na utando wa buibui." Akaongeza kwamba alikuwa akingoja niseme mwenyewe, na akanipandisha kutoka mara mia mbili mpaka mia tatu.

Agosti ya mwaka huu mimi na Mwalimu tulienda Nairobi siku mbili mapema, tukalala kwa dada yake, nikaingia maji mara mbili tu kabla ya siku yenyewe. Kabla ya hapo, miezi mitatu sikuwa nimeogelea. Nilipofika nusu, wenzangu wote walikuwa mbele, na ukingo ulikuwa hapo, mkono wangu ukaugusa. Ile hali ya mwaka jana ikaja yote. Nikawaza vile watu wananitazama. Sikuiombea iondoke, sikuwa na nafasi. Niliusukuma ukuta kwa miguu nikarudi katikati ya maji.

Nilikuwa wa mwisho. Wengine walikuwa wameshajifunga taulo, na mwanamke mmoja alikuwa anamnyonyesha mtoto. Lakini ndugu zangu, nilimaliza!

Nawashukuru. Mzee Kimeu, nashukuru kwa kunisamehe, ingawa bado unaniita punda wako mbele ya watu. Mama Kasyoka na mwethya wote, asanteni kwa jembe. Mwalimu Nduku, Mungu akubariki.

Na kama kuna mtu hapa ambaye aliacha kuomba kwa sababu moyo wake haumwambii kitu, mimi sijui kuhubiri, nitamwambia yaliyonipata tu. Usiungoje huo moyo. Njoo nao ukiwa mkavu. Piga magoti leo, na kesho upige tena, hata kama hutasikia chochote. Bwana wetu hajaniuliza hata siku moja kama nilikuja nikiwa nataka. Alinipokea kwa sababu nilikuja.

Mbarikiwe. Narudi kukaa.