Momo za Mke wa Shemeji

Katika basi dogo la kwenda Patan, Tirtha alijifanya amesinzia, ila masikio yake yalikuwa macho. Mbele yake mama mmoja alimlalamikia msichana aliyekaa naye kuhusu momo, zile sambusa ndogo za nyama zinazopikwa kwa mvuke. "Kila Jumamosi nakunja momo peke yangu, wageni nawapakulia mpaka mkononi. Mke wa shemeji yangu, mvivu yule, anawapa nyama na kinyunya wakunje wenyewe. Na wote wanakimbilia kwake! Hata mume wangu, asiyejua vijiko vyetu vinakaa wapi, kule anakunja kama msusi."

"Pole, dada. Wewe umewahi kumpa mumeo kinyunya?"

"Aniharibie momo zangu?"

"Kwani za kule anaziharibu?"

Basi likasimama. Mama akaukumbatia mfuko wake wa nyama ya nyati ya kujazia momo, akashuka bila kuaga.